Ndiyo Niliyoisema Nikiwa Sipo

Tarehe 11 Februari

Kwa mjukuu wangu Kidomo,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi mzima, mama yako mzima, kuku wazima isipokuwa yule jogoo wa shingo tupu. Alizidi kiburi na sasa ni mchuzi. Paa la kibanda cha sufi ya magodoro linavuja palepale. Muoka mikate jirani yetu amepata mapacha, anatembea kifua mbele utadhani ni yeye aliyewabeba tumboni. Wewe je, unakula? Usinijibu "nakula". Niambie unakula nini.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, herufi kubwa kama vichwa vya kabichi, kwa sababu jicho moja bado lina ukungu na hili lililopasuliwa wamenivisha miwani myeusi kama mwizi. Simu sitaki. Maneno ya simu ni moshi. Hili nataka karatasi niishike.

Kwanza nikuhadithie jicho. Alhamisi walinilaza kitandani, nesi akanidunga sindano mkononi. Nikamwambia, "Binti, mimi nimeshona magodoro miaka arobaini kwa sindano ndefu kama mkono wako. Hiyo yako ni ya kuchezea." Akacheka, na kicheko chake kikaanza kurefuka, kikavutika taratibu kama uzi kwenye kibunda.

Basi, Kidomo, nikaona.

Juu yangu kulikuwa na taa moja nyeupe. Ikawa tatu. Zikashikana mikono. Kisha ikaja buluu. Si buluu ya kitambaa wala ya mbinguni. Ilikuwa na kina, kama umeinamia ndoo ya maji na maji nayo yakakuinamia wewe. Pembeni yake rangi ya waridi ilikuwa inapumua. Kila kitu kikapita polepole, kama sufi inavyoelea kibandani ukishaichapa fimbo, hujui ipi inapanda na ipi inashuka. Kivuli chembamba kikakatiza katikati ya ile buluu. Nikajua hiki ni kisu cha daktari, na wala sikujali. Nilikitazama kama mtu anavyomtazama samaki.

Baada ya hapo hakuna kitu. Usingizi naujua, una mlango wa kuingilia na wa kutokea. Hiki hakikuwa usingizi. Kilikuwa kama ukurasa uliochanwa daftarini: yale meno ya karatasi unayaona, maandishi huyaoni. Nikajikuta niko kwenye gari narudi nyumbani, mdomo una ladha ya chai, na sijui nani aliyeninywesha.

Sasa jambo lenyewe. Jumapili mama yako kaja kibandani kapiga magoti ananishukuru.

"Unanishukuru nini?"

"Ruhusa, Mama."

"Ruhusa gani?"

"Ya kuolewa."

Nilidhani ananitania. Anasema pale chumba cha kupumzikia, baada ya kupasuliwa, alinikalia karibu akaniuliza kama namruhusu aolewe na yule Fundi Saa wa barabara ya juu. Nami nikamshika mkono nikasema: "Olewa, binti yangu. Miaka tisa ya ujane inatosha. Nimekuachilia." Tena ati nililia. Mimi! Mara ya mwisho kulia ni siku tuliyomzika mwanangu, baba yako, na hata siku ile nilikatisha maana wageni walikuwa hawajala.

Sikumbuki hata neno moja. Ama mama yako mwongo, na miaka yote hii hajanidanganya hata bei ya nyanya, ama nilisema. Kazi yako wewe huko mbali ni kuwapa watu dawa hizohizo. Basi nijibu: nilisema au sikusema? Na kama nilisema, nimefungwa? Unanijua. Sijawahi kula neno langu.

Bibi yako.


Tarehe 6 Machi

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakula: wali na maharage Jumatatu hadi Alhamisi, ndizi Ijumaa, na Jumapili chochote nitakachoalikwa. Chumba changu kimepakwa rangi upya na kinanuka. Kazini tumepata daktari mpya anayeimba akipasua. Pole kwa jogoo.

Ile buluu haikuwa ndoto, Bibi. Jicho linalopasuliwa linaona, ila linaona taa bila umbo. Dawa ya kutuliza nayo huondoa hofu, macho yakalegea, kitu cha karibu na cha mbali vikawa kimoja, kilicho kimoja kikawa vitatu. Wagonjwa wangu wengi husimulia. Dereva mmoja wa lori aliona soko la vitambaa chini ya maji. Fundi bomba mmoja alitaka kujua ile zambarau inauzwa duka gani.

Na ule ukurasa uliochanwa ni dawa pia. Kichwa hushona siku kama wewe unavyoshona godoro, tundu kwa tundu. Dawa ile huchomoa uzi, sindano ikaendelea kuingia na kutoka. Mtu anaongea, anajibu, anatania, anataja majina ya watoto wake wote, lakini hakuna kilichofungwa. Picha moja mbili hubaki, zinaelea, hazina siku wala saa.

Kuhusu lile jambo jingine, naona vizuri wewe na mama mkae mzungumze. Mimi niko mbali. Usisahau matone mara nne kwa siku, na usiiname kunyanyua magunia.

Mjukuu wako.


Tarehe 19 Machi

Kidomo,

Salamu. Tuko salama. Mapacha wa muoka mikate wanalia kwa zamu, mmoja akichoka anampokeza mwenzake.

Nimekuuliza mambo mawili, umenijibu la tatu. Tulikupa jina Kidomo kwa sababu ulipokuwa mdogo hukuweza kunyamaza hata ukiwa umejaza uji mdomoni. Leo nakuuliza swali la maana, unaniambia habari za fundi bomba! Nani kakufundisha kukwepa? Si mimi.

Fundi Saa amekuja Jumatano. Mwanamume mpole mpaka unatamani umtikise uone kama bado anatembea. Kaketi kiti cha mlangoni, hakuvuka kizingiti. Nikamwuliza sasa saa ngapi. Akasema, "Karibu saa kumi, Mama." Karibu! Fundi saa mzima! Mama yako alipomletea maji nilimsikia anamwambia, "Umechoka, keti." Basi tu, "umechoka, keti." Sijui kwa nini nakuandikia hilo.

Umesema picha huwa zinabaki. Kweli, iko moja. Msichana amesimama dirishani na mwanga uko nyuma yake. Uso wake una mng'ao kama sahani iliyooshwa sasa hivi. Ananiinamia, midomo inacheza, sauti siisikii. Najiuliza: huyu msichana mzuri namna hii anafanya nini kwenye nyumba ya kizee? Kisha anayeyuka. Inanijia nikiwa nachambua mbegu za sufi, mchana kweupe. Juzi nilisimama nayo hadi uji ukaungua.

Usidhani naogopa kubaki peke yangu. Niliishi humu kabla mama yako hajaletwa kama bibi harusi. Nina kuku. Nina kazi. Ninachotaka ni kujua. Maisha yangu yote nikimwambia mtu godoro lake litakuwa tayari Ijumaa, Ijumaa lilikuwa tayari, hata ile Ijumaa niliyokuwa na homa. Kwa hiyo kama nilisema ndiyo, ataolewa. Nitanuna mpaka kaburini, lakini ataolewa. Kama ile haikuwa ndiyo, basi haolewi, na yule bwana arudi kwenye saa zake.

Wewe unaijua dawa. Kata shauri. Na usinichoshe kwa habari za wali na maharage.

Bibi.


Tarehe 30 Aprili

Shikamoo Bibi,

Najua nimechelewa. Si posta. Barua hii nimeiandika mara tano.

Ulisema. Mama hajakudanganya. Lakini hufungwi.

Kila mgonjwa wetu aliyepewa dawa ile tunampa karatasi anapotoka: asitie sahihi, asiuze, asinunue, asiahidi kitu hadi kesho yake. Mdomo ulikuwa wako, Bibi, ila wewe hukuwa umesimama nyuma yake. Dawa haimtungii mtu maneno, wala haimpi nafasi ya kuyapima. Siwezi kukuambia kama yale yalitoka moyoni mwako au yalitoka kwa kuwa mlango ulikuwa wazi. Hakuna awezaye. Kwa hiyo neno lile halihesabiki. Najua ninachokifanya nikiandika hivi. Naandika dhidi ya mama yangu.

Sasa lile ninaloshindwa kuliandika.

Ni mimi niliyemwambia wakati wa kuuliza. Alinipigia simu wiki moja kabla ya upasuaji. Alikuwa anataka kukuuliza tangu mwaka jana, na kila akifungua mdomo unamtuma dukani. Nikamwambia, "Muulize pale chumba cha kupumzikia. Atakuwa laini." Yeye alidhani nasema utakuwa na furaha ya kupata jicho. Mimi nilijua dawa gani itakuwa kwenye damu yako. Nilijua pia hutakumbuka. Nikajiambia ni vizuri: utakuta umeshakubali, na kwa kuwa huli neno lako, utanyamaza. Nilikupigia hesabu, Bibi, kwa kitu kizuri kuliko vyote ulivyo navyo.

Jana nimemweleza mama yote. Nilisikia kuku, kisha simu ikakatika.

Mjukuu wako.


Tarehe 12 Mei

Barua imefika. Kuku hawajambo. Paa limezibwa. Matone yamekwisha.

Kikulacho ki nguoni mwako.

Bibi.


Tarehe 9 Juni

Shikamoo Bibi,

Sijui kama unasoma. Naandika tu.

Mama hapokei simu zangu. Chumba hakinuki tena. Daktari anayeimba amehamishwa.

Wiki iliyopita mama mmoja aliyekuwa ametoka kupasuliwa goti alinishika vidole. Akasema, "Mwambie dada yangu nimemsamehe." Macho yake yalikuwa yananitazama na hayanioni, yalikuwa yanafuata kitu darini, kitu kizuri. Dada mtu alikuwa nje mlangoni, amekaa kwenye benchi na kikapu. Sikumwambia. Nilingoja hadi kesho yake nikamwuliza mgonjwa mwenyewe. Akaniangalia kwa ukali akasema, "Mimi? Thubutu!" Basi nikaenda zangu.

Tangu barua yako ile fupi, nikishamchoma mtu sindano natoka nje nawaambia ndugu zake: ingieni, mshikeni mkono, lakini msimuulize kitu. Wengine wananuna. Wengine wanaona aibu, nami najua walikuwa na swali tayari.

Jicho linaonaje, Bibi?

Kidomo.


Tarehe 21 Julai

Kidomo,

Salamu. Ndiyo, nimesoma. Mapacha wameota jino moja moja, siku hiyohiyo, na baba yao kafunga duka kwa sababu hiyo. Kuku wawili wanaatamia. Kifua kilinibana mwezi wa sita, sasa kimeachia. Ule mwembe wa uani ulioniulizia mwaka jana, nilishaukata, ulikuwa unaniletea siafu.

Kwanza nikuseme. Umefanya jambo baya. Mtu akilala kwenye kitanda kile, amekabidhi kila kitu, hata meno. Mwizi akimkuta bibi kizee amelala akamchomolea pete, tunampigia kelele. Wewe umechomoa kitu kikubwa kuliko pete, tena umetumia mkono wa mama yako, naye hajui. Nimekasirika mpaka nikawa nakata uzi vibaya. Nimemaliza kukusema. Hapana, bado, lakini karatasi ni ndogo.

Siku ile ulipompigia, mama yako alikuja akasimama mlangoni pa kibanda. Akasema, "Mama, nimeambiwa lile neno halikuwa lako. Nalirudisha. Fundi nimemwambia asije tena." Kisha akachukua gunia akaketi kuchambua. Hakulia, hakununa. Ningefurahi kama angenuna, ningepata pa kumshikia. Zikapita wiki karibu kumi na moja, tunakaa sisi wawili, sufi imejaa hewani, na sauti ni mbegu tu zinadondoka kwenye bati. Tik. Tik. Wakati mwingine nilikuwa sijui kama niko macho au niko tena kwenye ile buluu yao. Nilikuwa nimeshinda, unaona. Neno halihesabiki, mkwe yuko nyumbani. Nilikuwa mshindi, na chai haina ladha.

Miwani myeusi niliivua mwezi huu daktari aliponiambia inatosha. Jumamosi, saa nne asubuhi, natoka nje namkuta mama yako kaketi barazani anakausha nywele. Ametoka kuziosha. Unajua kichwa chake huwa kimefungwa kitambaa kutwa, sababu ya vumbi la kibandani. Nikamwona ana sufi nywele nzima.

"Futa hiyo sufi kichwani, umeosha nini sasa?"

Akapangusa.

"Bado."

Akapangusa tena.

"Wewe naye! Kaa hivyohivyo." Nikaenda mwenyewe, nikashika kipande kimoja hapa juu ya sikio, nikavuta.

"Aa! Mama, hiyo ni yangu."

Kidomo, nilisimama na unywele mmoja mweupe mkononi. Nikamtazama. Nikamtazama kwa jicho jipya kama ninavyotazama mshono wa mtu mwingine. Mistari hapa, mistari hapa. Vidole vimepasuka. Shavu limeingia ndani upande wa jino lililong'olewa, na jino hilo nilikuwa sijui kama liling'olewa.

"Umezeeka lini?" nikamwuliza.

Akacheka. "Kidogo kidogo, Mama. Ulikuwepo."

Nikaketi chini, pale pale kwenye ngazi. Ukungu ulikuwa umenitunzia bibi harusi. Miaka yote namwona yule aliyeletwa hapa ana miaka ishirini, na kila nikimwambia ngoja, nadhani ana wakati. Na sasa namjua yule msichana wa dirishani ni nani. Dawa ilinionyesha yeye, anang'aa. Nikamwambia olewa. Msichana ni rahisi kumwachilia, ana njia ndefu mbele. Huyu mwenye mvi ndiye niliyekuwa nimemkamata.

Umeniandikia kwamba sifungwi. Nimelitafuna sana hilo. Kama sifungwi, basi naweza kusema hapana, asubuhi kweupe, na macho yangu na akili zangu. Nikaitafuta ile hapana. Ipo. Sikufichi, ipo mpaka leo, na ina sura ya chumba chake kikiwa kitupu.

Nikamwambia, "Mwite yule mtu wako."

"Mtu gani?"

"Una wangapi? Yule wa karibu saa kumi. Mwambie nimesema ndiyo."

Akaniangalia kwa wasiwasi. "Mama, umepewa dawa?"

"Nimekunywa chai."

"Mama, umelala vizuri?"

"Ukiniuliza mara ya tatu nabadilisha."

Hapo akalia yeye. Mimi sikulia, na mtu akikuambia nililia, muulize aliona kwa jicho gani. Lile neno la kwanza sijui lilikuwa la nani. Hili ni langu, na nimeliandika hapa lina tarehe. Ndoa ni wiki ya pili ya Agosti. Kwa Fundi Saa ni mwendo wa kutembea, mama yako kasema atakuwa anakuja kila asubuhi kibandani. Nimemwambia asije kila asubuhi. Nimemwambia aje akitaka. Mpigie simu, sasa atapokea.

Wewe sijakusamehe. Nitakusamehe nitakapokuwa tayari, na utajua, maana nitakuambia.

Jicho la pili ni tarehe tatu Septemba. Mama yako atakuwa kwake na mimi sitaki kumwondoa kwa mumewe mapema hivyo. Njoo wewe. Omba likizo. Dawa naitaka, usije ukawaambia wanipe matone ya ganzi matupu. Ile buluu nataka kuiona mara moja tena kabla sijafa. Lakini pale chumba cha kupumzikia ukinikalia karibu, nishike mkono na ufunge hilo domo. Usiniombe kitu. Hata msamaha usiniombe. Nitautoa, najijua, na huo nataka niutoe nikiwepo.

Bibi yako.